Huyu Nani? Historia ya Albamu za Sikukuu, Kuanzia Gundi na Mkasi Mpaka Simu Janja

Kila Desemba, jioni ya sikukuu, watu wakishashiba pilau na soda zimebaki nusu chupa, kuna mtu lazima ataingia chumbani atoke na albamu. Ile ya zamani, jalada limechubuka, kurasa zinanata. Watoto wanajazana kwenye kochi. Wanacheka bugaluu ya baba, wanacheka nywele za shangazi. Halafu linakuja lile swali: "Huyu nani?"

Kimya. Anaitwa bibi kutoka uani. Bibi anaishika picha, anaisogeza mbali kidogo na macho, anatabasamu. "Huyu marehemu mjomba wenu. Krismasi hiyo alikuja na mbuzi kwenye basi, mbuzi akakojolea mizigo ya watu." Nyumba nzima kicheko. Picha ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa ya mtu asiyejulikana, sasa ina mtu, ina basi na ina mbuzi.

Sasa jiulize: bibi asingekuwepo je?

Hilo swali la "huyu nani" lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kwa miaka zaidi ya 150 kuna watu wamekuwa wakikata, wakibandika, wakiandika pembeni ya picha, na siku hizi wakipanga kurasa kwenye kompyuta, ili mwaka usipite hivihivi. Wengi wao ni akina mama wa nyumbani, watoto wa shule na wapiga picha wa mtaani, watu ambao historia haikuona haja ya kuandika majina yao. Na msimu wao mkubwa wa kazi siku zote umekuwa huu wa sikukuu. Twende taratibu.

LONDON, 1843: KADI YENYE NAFASI YA JINA

Mwaka 1843, ofisa mmoja wa serikali mjini London alikuwa na shida ambayo hata leo watu wanayo. Krismasi imekaribia, barua za salamu zimejaa mezani, na muda wa kujibu moja moja hana. Posta nayo ilikuwa imerahisishwa mno, maana tangu mwaka 1840 mtu aliweza kutuma barua popote Uingereza kwa peni moja tu. Kila mtu anaandika, kila mtu anangoja jibu.

Yule bwana akamwita rafiki yake mchoraji. Wakatengeneza kadi moja, wakachapa kama nakala 1,000, na zile alizobaki nazo zikauzwa shilingi moja moja. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa duniani. Katikati ilikuwa na familia imekaa mezani inanyanyua glasi, pembeni watu wanawapa maskini chakula na nguo. Watu wengine walikasirika, kwa sababu kwenye mchoro kuna mtoto mdogo ananyweshwa mvinyo. Kumbe kelele za mitandaoni hazikuanza leo!

Lakini kitu cha kuangalia kwenye kadi ile ni kidogo sana. Juu iliachwa nafasi tupu ya kuandika jina la anayepelekewa, na chini nafasi ya jina la anayetuma. Kadi 1,000 zinazofanana kabisa, na kila moja inageuka kuwa ya mtu fulani pale tu kalamu inapoandika majina mawili.

GUNDI, MKASI NA WATOTO

Miaka iliyofuata kadi zikawa nyingi, tena za rangi. Wachapaji, hasa wa Ujerumani, walikuwa wameshajua kuchapa picha za rangi kwa bei nafuu: malaika, maua, ndege, watoto wenye mashavu mekundu. Mwaka 1875 mchapaji mmoja wa Boston akaanza kuwauzia Wamarekani kadi za Krismasi. Baada ya sikukuu, kadi nzuri hivyo nani atazitupa? Watoto na mama zao wakawa wanazikata na kuzibandika kwenye madaftari makubwa pamoja na vipande vya magazeti, tiketi na maua yaliyokaushwa. Wenyewe waliyaita skrapubuku, yaani vitabu vya vipande.

Mchezo ukakolea mpaka wakubwa wakauingia. Mwandishi mmoja wa hadithi za kuchekesha, maarufu kuliko wote Marekani wakati ule, alichoshwa na gundi kumwagika mezani. Mwaka 1873 akapata hataza ya kitabu ambacho kurasa zake tayari zina gundi kavu. Unalowesha kidogo, unabandika, basi. Kikauzwa sana, na hakikuwa na hata neno moja ndani yake. Maneno alitakiwa aweke mnunuzi.

Wapo waliobandika kwa uchungu zaidi. Huko Philadelphia, mwanamume mmoja Mmarekani mweusi alijaza vitabu vya vipande karibu 400, akikata kila habari ya watu wake aliyoiona gazetini. Alielewa kwamba habari ya mtu mweusi ikitoka leo, kesho gazeti linafungia samaki. Asipoikata yeye, hakuna atakayeamini kwamba watu hao waliishi.

KAMERA YAINGIA NYUMBANI

Mpaka hapo vitabu vilikuwa na kadi na magazeti. Picha ya mtu mwenyewe ilikuwa jambo la studio: unavaa vizuri, unakaa kimya, hucheki. Mwaka 1888 kampuni ya Kodak ikatoa kamera ya dola 25 iliyokuwa na mkanda wa picha 100 ndani yake. Ukimaliza kupiga unairudisha kamera nzima kiwandani Rochester, wanakusafishia picha na kukuwekea mkanda mwingine. Mwaka 1900 wakaleta kamera ya Brownie kwa dola moja. Dola moja! Hata mtoto aliweza kuinunua.

Hapo ndipo sikukuu ya nyumbani ilipoingia kwenye albamu. Kodak nao hawakulala, wakawa wanatangaza kamera kama zawadi ya Krismasi, ili asubuhi inafunguliwa, mchana inapiga. Picha zikaanza kuonyesha vitu ambavyo studio haikuvijua: mtoto analia kwa sababu mwanasesere kavunjika, babu kasinzia mdomo wazi, sahani chafu mezani. Maisha ya kawaida.

Likaja na tatizo ambalo mpaka leo halijaisha. Anayeshika kamera haonekani. Fungua albamu yoyote ya zamani utamkuta baba, watoto, wageni na hata paka. Mama yuko wapi? Mama ndiye aliyepika, na mara nyingi mama ndiye aliyebandika picha na kuandika tarehe. Mtunza kumbukumbu mwenyewe amebaki mwandiko tu.

NA HUKU KWETU?

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Zanzibar ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19, nyingi zikiendeshwa na mafundi wa Kigoa na Kihindi. Picha zao zilichapwa kwenye kadi za posta zikasambaa Ulaya. Leo kadi hizo zinauzwa ghali kwenye minada na kuhifadhiwa kwenye makumbusho. Ukiziangalia utaona wanawake wamevaa kanga na vipini, wamesuka vizuri, wanaikazia macho kamera. Chini imeandikwa "mrembo wa Zanzibar" au "mwanamke wa Kiswahili". Jina hakuna. Mtu mzima, mwenye mama na baba, mwenye shoga zake na deni lake dukani, amebaki "mrembo".

Mwaka 1930 ikafunguliwa studio moja Mji Mkongwe ambayo iliendelea miaka na miaka, kazi ikitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Hapo walipita masultani, walipita maharusi, na walipita watu wa kawaida waliotaka tu picha ya ukumbusho. Mpaka leo picha za zamani za studio hiyo zinaning'inia ukutani na wageni wanazinunua, na swali ni lilelile: huyu nani?

Kule Lamu, kuanzia miaka ya 1960, alikuwepo fundi mmoja ambaye hakusomea upigaji picha popote, alijifunza mwenyewe. Huyo kwenye chumba chake cha giza alikuwa anakata karatasi kwa mkono, anaziba hapa, anaachia mwanga pale, mpaka uso wa mteja unachomoza katikati ya ua. Yaani yale mambo ambayo programu za simu zinayafanya kwa kugusa kioo, yeye alikuwa anayafanya kwa mkasi, dawa na subira. Na miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walijenga vibanda vya mbao na kuchora mapazia yenye ndege, meli na maghorofa. Kijana aliyetoka bara kutafuta maisha alisimama mbele ya pazia, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Kule kijijini wakajua mtoto yu hai na mambo si mabaya, hata kama ghorofa lenyewe ni la rangi tu.

Lakini utaalamu mkubwa wa watu wa huku ulikuwa nyuma ya picha. Siku ya Idi au Krismasi watoto walivalishwa nguo mpya, wakapelekwa studio au akaitwa mpiga picha wa mtaani, picha zikafuatwa baada ya siku kadhaa. Zikifika, kaka mwenye mwandiko mzuri alichukua kalamu akaandika nyuma: ukumbusho wa sikukuu, mwaka fulani, mahali fulani, kutoka kushoto ni fulani na fulani, na anayelia ni fulani. Halafu moja ilitiwa kwenye bahasha kupelekewa shangazi. Hakuna aliyeita ule mwandiko skrapubuku, lakini kazi yake ilikuwa ileile.

AKINA MAMA WA UTAH

Marekani kwenyewe, kufikia miaka ya 1970, ule mtindo wa kubandika ulikuwa umepoa. Watu walitumia zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu, ambazo hata Tanzania ziko kwenye kabati nyingi. Ubaya wake ni kwamba gundi ile huila picha. Baada ya miaka zinageuka njano, na ukijaribu kuibandua picha, inabaki nusu.

Mwaka 1980, kwenye mkutano wa dunia wa kumbukumbu za koo uliofanyika Salt Lake City, mama mmoja wa jimbo la Utah alionyesha vitabu vipatavyo 50 alivyotengeneza na familia yake. Karatasi zake zilikuwa za aina isiyoharibu picha, picha zimewekwa ndani ya plastiki salama, na pembeni mwa kila moja kuna maelezo. Watu walimzonga kwa maswali mpaka mwaka uliofuata yeye na mumewe wakafungua duka. Kufikia mwaka 1987 kulikuwa na kampuni kule Minnesota inayouza vifaa kwa njia ya akina mama kukutana majumbani, kama vikoba vile, ila badala ya kuhesabu hisa wanakata picha. Miaka ya 1990 ikawa biashara kubwa: mikasi ya kukata mawimbi, riboni, stika na karatasi za kila rangi.

PICHA YA KWANZA ILIYOKOSA USO

Turudi nyuma kidogo. Desemba 1975, ndani ya kampuni ileile ya Kodak, kijana mmoja mhandisi alikuwa ameunganisha mtambo wenye uzito wa karibu kilo 4. Ilikuwa kamera isiyotumia mkanda. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Akamwomba msaidizi wa maabara, mwanamke, asimame mbele yake. Wakaiweka kaseti, wakatazama kwenye runinga. Nywele zilionekana, ukuta wa nyuma ulionekana, lakini uso ulikuwa chengachenga tupu. Mama wa watu akasema kazi bado ipo.

Fikiria hilo. Picha ya kwanza ya kamera ya kidijitali ilipigwa mwezi wa sikukuu, na aliyepigwa hakuweza kutambulika.

Uso ukarekebishwa baadaye. Mwaka 1990 ikatoka programu ya Photoshop, na kuelekea mwaka 2000 kamera za kidijitali zikaanza kushuka bei. Wale akina mama wa mikasi wakahamia kwenye kompyuta. Ukurasa wao ulikuwa wa inchi 12 kwa 12, na ili uchapike vizuri ulihitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani nukta 3,600 kila upande. Wanaweka karatasi ya kuchora chini, juu yake picha, juu yake riboni, juu yake maandishi, tabaka juu ya tabaka. Halafu wanaongeza kivuli kidogo ili riboni isiyokuwepo ionekane imebandikwa kweli. Hakuna gundi kumwagika, na ukikosea unarudi nyuma. Seti moja ya mapambo ya Krismasi unaipakua mara moja unaitumia milele.

Ndipo, katika muongo wa 2000, mbunifu mmoja wa Marekani akaeneza utaratibu wa kutengeneza kitabu cha Desemba siku kwa siku. Hungoji tarehe 25. Kila siku ya mwezi inapata picha na hadithi fupi. Tarehe 3 mtoto kagoma kuvaa sweta. Tarehe 9 foleni dukani. Tarehe 14 keki imeungua. Wamarekani msimu wao unaanzia Alhamisi ya nne ya Novemba mpaka Mwaka Mpya, kwa hiyo mambo ya kuandika hayaishi. Maelfu wakafuata, kwa sababu utaratibu huo ulisema kweli moja: sikukuu yenyewe huwa siku moja, lakini kinachokumbukwa ni hekaheka zake.

Na hekaheka huku zipo. Stendi ya mabasi Dar es Salaam wiki ya mwisho ya Desemba, Wachaga wanapanda kwenda Kilimanjaro na nauli haikamatiki. Mtoto analala juu ya begi. Baba anapiga simu kuuliza mbuzi kapatikana. Huo ni ukurasa mzima, lakini nani anaupiga picha? Watu wanasubiri wafike, wavae, wapange mstari, watabasamu.

MASAA 24

Wengi waliohamia kwenye kompyuta waliamini kwamba sasa hakuna kitu kitapotea. Mwaka 2017 tovuti moja kubwa ya kutunza picha ilibadilisha masharti yake usiku mmoja, ikataka karibu dola 400 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye kurasa nyingine. Watu wakaamka, wakafungua kurasa zao za miaka kumi, na badala ya watoto wao wakakuta tangazo la kulipia. Mwaka 2019 mtandao mwingine uliowahi kuwa mkubwa kuliko yote ukakiri kwamba picha na nyimbo za miaka mingi zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wakaomba radhi, habari ikaishia hapo.

Kwa watu wa huku habari huwa fupi zaidi. Simu imeibiwa Kariakoo. Simu imedumbukia chooni. Fundi kasema haiwaki mpaka aiflashi, ulihifadhi vitu vyako? Hukuhifadhi. Basi Idi tatu na Krismasi mbili zimeondoka na mtoto aliyejifunza kutembea humo ndani.

Na ile inayobaki salama nayo imezoeshwa kufa. Tangu mwaka 2017 stetasi ya WhatsApp hujifuta baada ya masaa 24. Watu wanavaa sare, wanapiga picha 60, wanachagua nne, wanaposti, wanaangalia nani kaona, kesho yake hakuna kitu. Zile 56 zinabaki kwenye simu zikiwa na namba ndefu badala ya jina. Simu inajua saa ngapi picha ilipigwa, na ukiwasha ramani inajua hata mahali. Haijui kwamba yule mzee mwenye kofia ndiye aliyewalipia ada watoto watatu wasio wake, na kwamba hiyo ilikuwa sikukuu yake ya mwisho.

Ukipanga historia hii yote pamoja, kuanzia kadi ya shilingi moja mpaka nukta 3,600, vifaa vimebadilika kila kizazi. Kilichookoa watu wasisahaulike hakikubadilika hata kidogo. Ni yule mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, mara nyingi bila kuombwa, aliyeandika jina. Yule mama wa Utah hakushangaza watu kwa picha nzuri. Picha nzuri kila mtu alikuwa nazo. Aliwashangaza kwa sababu ukifungua kitabu chake huhitaji kumuita mtu kutoka uani.

Kwa hiyo sikukuu hii, albamu ikitoka kabatini na watoto wakauliza lile swali, kuna kazi ya dakika kumi. Bibi anasimulia, na mwenye mwandiko mzuri anaandika nyuma ya picha, taratibu, kwa penseli laini ili wino usipenye mbele. Zile za kwenye simu zinachaguliwa kumi tu za mwaka, zinaandikiwa sentensi moja moja, zinatumwa kwa ndugu wawili na kuchapwa kwa mtu wa studio pale mtaani. Na mara moja tu, kamera apewe mtu mwingine, ili mama naye aingie kwenye picha na mikono yake yenye unga.

Nyumbani kwenu nani anajua majina ya watu wote kwenye albamu? Na ana miaka mingapi sasa?